Unga wa Mashine kwa Bibi Nyamizi

Mwaka 1934 dada yangu Limi alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita, alikoolewa, akataka tumpeleke kwenye kaburi la bibi yetu Nyamizi, nje kidogo ya Didia. Alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili, na sasa ana mimba tena. Alitaka kumwomba bibi ili mtoto huyu wa tatu abaki hai.

Kwetu wazee waliolala hawaendewi mikono mitupu; humwagiwa unga wa mtama uliokorogwa na maji. Basi Limi akapitia mjini Shinyanga, akasagisha mtama kwa mashine. Unga ulitoka laini ajabu, na mbebaji nikawa mimi, Jilala, mwanamume mzima mwenye ndevu zake.

Shangazi Mageni, bintiye Nyamizi, aliyetupokea huko Didia, alitia kidole kwenye unga, kisha akafunga mfuko. Alisema huo tutaula wenyewe, maana mama yake hakulishwa na mashine hata siku moja. Akamkabidhi Limi kikapu cha mtama na kumwonyesha mwamba.

Nimeziona mashine za Geita zinazoponda mawe, lakini hakuna iliyonistaajabisha kama mwamba ule. Una vishimo vya kusagia, kila kimoja na mwanamke wake. Cha Nyamizi kina kina kuliko vyote, na pale alipopiga magoti jiwe limelika. Mwaka wa njaa kuu alimsagia kila mpita njia aliyeleta konzi ya mtama. Asiye na konzi alimgawia yake, hata kama hamjui. Nilijivuna kuwa mjukuu wake, mimi ambaye sijasaga hata punje.

Limi alipiga magoti palepale, akashika jiwe la kusagia. Mikono yake ilikwisha kuisahau kazi ile, na viganja vikachubuka upesi. Nilimwambia apumzike, akanijibu ninyamaze. Nilimpenda sana saa ile.

Kaburi liko kando ya ua wa minyaa wa zizi la zamani. Shangazi alikoroga unga ule kwenye kata, akampa Limi.

“Sema mwenyewe,” alimwambia.

Limi alimwaga polepole juu ya mawe ya kaburi. Sisi tulingoja amwombee aliye tumboni.

“Bibi,” alisema, “wanangu wawili wako huko kwako. Ni wadogo, hawamjui mtu. Wasagie.”