Komwe ya Arobaini na Nane

Ionie Tuitt aliposikia Verlyn akitaja Montserrat, kipande cha dukana, andazi la viazi vitamu, kilimkwama kooni. Akakisukuma kwa mobi, kile kinywaji chake kichungu cha magome, kama mtu anayesukuma gari bovu mlimani.

"Hebu rudia," akasema.

"Montserrat," akasema Verlyn, bila kuinua macho kutoka kwenye ubao wa bao. "Nikishinda mimi, mwezi wa tatu tunakwenda Montserrat, wiki ya Mtakatifu Patriki. Tunavaa kijani, tunakunywa mchuzi wa mbuzi, tunacheza mpaka magoti yaombe talaka."

"Yangu yalishaachika," akasema Orinthia.

Walikuwa wanawake wanne barazani kwa Verlyn, pale Antigua, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Zamani walikuwa timu moja ya netiboli, Verlyn kapteni. Mpira ulipowashinda walibaki na safari: kila mwaka kisiwa kimoja, wanne pamoja, waume waachwe wajipikie. Mwaka wa kwanza walichagua kisiwa kwa kujadiliana, wakanuniana miezi miwili. Tangu hapo wanachagua kwa bao la Antigua, la komwe arobaini na nane: anayewahi kula ishirini na tano ndiye mshindi. Wawili wanaobaki mwisho hutaja visiwa vyao kabla ya komwe ya kwanza kuguswa, na kisiwa cha mshindi hakikataliwi. Anayekataa anabaki nyumbani, mwaka huo na mwaka unaofuata, na kusemwa anasemwa vilevile.

Orinthia, mshona sare za shule, alikuwa ameshatolewa. Desreen, mfua shuka wa hospitali, naye katolewa, na alikuwa anakula kwa hasira. Walibaki Verlyn na Ionie. Ionie alitaja Barbados.

"Barbados tumekwenda mara mbili," akalalamika Desreen. "Mara ya pili hata kuku walitujua."

"Nimeipenda," akasema Ionie.

Hakuwa ameipenda. Angetaja hata kisima, mradi kisiwe kile kisiwa alikozaliwa. Wenzake walijua katoka huko mwaka wa tisini na saba, mlima ulipokuwa unatapika majivu na watu wanakimbia na masanduku. Aliwaambia kule hana mtu tena. Walimwonea huruma, wakaacha kuuliza, na ule uongo ukakaa miaka yote hiyo ukila na kushiba, hata ukawa mkubwa kuliko mwenyewe.

Kwa maana mtu alikuwapo. Dada yake, Melvina, yuko hai, kaskazini ya kisiwa.

Mwaka ule mama yao alikuwa kalazwa kanisani pamoja na watu wengine waliohamishwa, kifua kimejaa vumbi. Mabinti walimuuguza kwa zamu: Melvina tangu Jumapili, Ionie kuanzia Jumatano. Jumatano moja Ionie akapitia gatini kwanza, kuangalia tu. Kwenye boti ya Antigua palikuwa na nafasi. Mguu mmoja ukapanda, wa pili ukaona aibu kubaki peke yake. Alijiambia atarudi Jumamosi na dawa. Jumamosi ikapita, na nyingine, kisha ikaja barua ya mstari mmoja kwa mwandiko wa dada yake: *Mama tumemzika Alhamisi. Usije.*

Hakwenda. Kila alipowaza kile kisiwa alimwona Melvina gatini, mikono kiunoni, akimrudisha botini mbele ya watu. Sasa hao watu walikuwa na majina: Verlyn, Orinthia na Desreen. Watasikia. Na wakishasikia, nani atataka kulala chumba kimoja na mwanamke aliyemtoroka mama yake anayekufa?

"Cheza, shoga," akasema Verlyn. "Komwe hazioti."

Ionie akacheza. Hakuwahi kucheza vile maishani. Alikuwa akihesabu mashimo mara tatu kabla ya kugusa, jasho likimtiririka mgongoni, na kila Verlyn alipochota komwe, alianza kuhesabu upya. Orinthia akamtazama.

"Huyu mbona anacheza kama anayeshindania roho?"

"Barbados kuna mwanamume," akasema Desreen. "Mimi nilijua."

Ionie akacheka. Kicheko kilitoka kikavu, akakifunika kwa kikohozi.

Alikuwa ameshakula komwe ishirini na tatu. Mbili tu na Barbados ingekuwa yake. Akalitazama shimo lake lenye komwe tano, akahesabu kwa macho. Nne zingemfikisha kwenye shimo la Verlyn lenye komwe moja. Zingekuwa mbili, angezila, kwani ya mwisho ikifanya mbili kwa mwenzio, unazila. Lakini hazikuwa nne. Ya tano ingeangukia shimo tupu, naye asingekula kitu. Tena Verlyn alikuwa ameshaona pa kumla yeye; alikuwa ameanza kuimba puani, kama afanyavyo akinusa ushindi.

Akazichota zote tano. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Mkono ukasimama hapo, ukajikunja, na komwe ya tano ikabaki ndani ya kiganja.

"Nimekula," akasema. Sauti ilimfikia kwa mbali, kama ya jirani.

Verlyn aliutazama ubao kwa muda. Wimbo ulikuwa umekatika.

"Ishirini na tano," akasema mwishowe. "Haya. Barbados."

"Kuku wataandaa karamu," akasema Orinthia.

Hakuna aliyebisha. Ionie alitaka kushusha pumzi lakini pumzi ilikataa kushuka. Komwe ilikuwa inamchoma kiganjani, kama zile walizokuwa wakizisugua jiweni utotoni, yeye na Melvina, kisha wakabandikana mapajani. Akasubiri waangalie pembeni aiangushe chini. Hawakuangalia pembeni.

Verlyn akaegemea kiti. "Mimi, ukweli, sikutaka mchuzi wa mbuzi," akasema. "Tulikula njama, sisi watatu, atakayefika mwisho ataje Montserrat. Mwaka wa ngapi huu Ionie anazunguka visiwa vya watu na kwao hajakanyaga? Hata kama hakuna mtu, tukasema, kuna makaburi. Tungesimama naye."

Ionie akauma mdomo. Angetukanwa, angevumilia.

Basi Desreen akavuta mfuko wa komwe. Desreen kahesabu shuka za hospitali miaka thelathini. Kitu hakiingii mfukoni bila kuhesabiwa. Akazidondosha moja moja, midomo ikicheza.

"Arobaini na saba."

"Hesabu tena," akasema Verlyn.

Akahesabu tena. Arobaini na saba. Wakainuka, wakaangalia chini ya viti, chini ya mkeka, ndani ya sahani ya samaki wa chumvi. Orinthia akajipapasa kifuani, akatoa funguo, leso na pini za cherehani.

"Humo nitapata hata mume wangu," akasema. "Komwe hakuna."

Ionie naye aliinama akajifanya kutafuta, ngumi ameibana tumboni. Iachie sasa, akajiambia. Sema imeanguka. Lakini vidole vilikuwa vimefungika kama vya maiti.

"Ionie," akasema Verlyn, taratibu. "Kaa. Kunywa mobi yako."

Akakaa. Akashika bilauri, akanywa.

"Tangu lini unakunywa kwa mkono wa kushoto?"

Desreen alikuwa kapiga magoti, mkeka mkononi, na hakuuachia. Ionie akaiweka bilauri chini. Akafungua mkono wa kulia, na komwe ikawa pale, ya kijivu, imelowa jasho.

Aliyeiba komwe hupoteza bao. Hilo hakuna aliyehitaji kulisema. Lakini hawakumtukana, na kule kutotukanwa kulimtisha zaidi. Watu hawa humtukana hata akimwaga chumvi.

"Kisiwa gani hicho," akauliza Orinthia, "cha kumfanya mtu mzima aibe?"

Akawaambia. Alianza na gati akaishia na barua, na hakujipaka sukari popote. Aliwaambia Melvina yu hai. Aliwaambia namba yake anayo, kapewa na binamu yao wa Birmingham, kaihifadhi kwa jina la Fundi Friji ili mumewe asiulize. Alipomaliza aliutazama ubao, maana nyuso hakuziweza.

Verlyn akajikuna shingo kwa muda mrefu.

"Umetudanganya miaka mingi," akasema. "Hiyo tutagombana, usidhani imepita. Nitakugombeza botini, kwa kuwa huwezi kuruka. Sasa mpigie Fundi Friji."

"Verlyn, nakuomba."

"Bao nimeshinda mimi. Mpigie mbele yetu, au baki nyumbani, mwaka huu na ujao."

Akapiga. Alikosea mara mbili kubonyeza, Orinthia akambonyezea. Simu ikaita, ikaita, na kila ilipoita Ionie aliomba isipokewe.

"Nani?" Sauti ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka. Nyuma yake mbuzi analia.

"Ni Ionie."

Mbuzi akalia peke yake kwa muda.

"Zamu yako ilikuwa Jumatano," akasema Melvina.

"Najua, dada."

"Hujui. Mama aliuliza mpaka jioni, nami nikawa namwambia yuko njiani. Nilimwambia hivyo wiki mbili." Kisha akauliza, "Nani hao wanaopumua hapo?"

"Rafiki zangu. Watatu."

"Wanajua?"

"Sasa wanajua."

Ionie akafumba macho, akilingoja lile neno la mwisho la barua. Alikuwa amelibeba muda mrefu hata akajua litakavyosikika.

"Mnakuja lini?"

"Mwezi wa tatu," akasema Ionie, kwa shida. "Ukikubali."

"Hapa nina viti viwili tu," akasema Melvina. "Waambie wenzio waje na vyao."

Simu ikakatika.

Desreen akaichukua ile komwe, akaipangusa kwenye gauni, akaidondosha mfukoni pamoja na nyingine. Hakusema idadi.

"Viti viwili," akasema Orinthia. "Kimoja chake. Cha pili cha nani?"

Ionie akasema hajui. Alikitazama kile kiti kichwani mwake, kitupu, kando ya cha dada yake. Verlyn akajaza mobi, akamshikisha bilauri mkono wa kulia, akaubana mkono huo ndani ya wake.