Picha Arubaini za Daraja

Asubuhi ya Jumanne moja, mwezi wa pili mwaka 1990, Kadar Abdilatif alianika picha nne kwenye kamba ya chumba cha giza, akafunga studio, akaenda kunywa chai. Picha mbili zilikuwa za malango ya mfereji unaonywesha mashamba ya kando ya mto Tana. Ya tatu ilikuwa ya banio, ule ukuta mfupi unaoinua maji ya mto ili yaingie mferejini. Ya nne ilikuwa ya daraja la Garissa. Ofisi ya mhandisi ilitaka picha hizo kila mwaka, mwezi ule ule, kutoka mahali pale pale, ili ilinganishe nyufa. Kwa kuwa kupiga picha daraja bila ruhusa kulikuwa kosa, kibali kilikuja na hesabu yake: picha nne, si tano.

Aliporudi, picha zilikuwa zimekauka. Kwenye malango palionekana chuma, kutu na korongo mmoja. Kwenye daraja alionekana Timiro, shangazi yake, dada wa baba. Alikuwa amefika nguzo ya nne ya ukingo, upande wa mjini, uso kauelekeza ng'ambo, mtungi wa maziwa ya ngamia mkononi. Siku ile picha ilipopigwa, Timiro alikuwa kitandani na malaria, na Kadar mwenyewe ndiye aliyempelekea uji.

Alimpelekea picha hiyo sokoni alikouza maziwa. Timiro aliisogeza juani akaitazama.

"Eddo," alisema, kwani kwa Wasomali shangazi na mpwa wake huitana neno hilo hilo, "mbona hukuniambia nivae mtandio wa maana?"

"Hukuwako, eddo."

"Si huyu hapa? Ndiyo maana magoti yameniuma. Nami nikaisingizia malaria."

Akamrudishia picha, akampimia mteja maziwa.

Mwaka uliotangulia, Wasomali wa nchi hii waliitwa kukaguliwa ili wathibitishe kwamba nchi hii ni yao. Waliothibitisha walipewa kadi ya pinki. Karani alimwuliza Timiro jina. Alitaja lake, la baba, la babu, akaendelea kama alivyofundishwa utotoni, mpaka babu wa ishirini na moja, bila kukwama. Fomu ilikuwa na nafasi tatu. Karani aliandika Timiro Hared Abdirahim, akapekua daftari, akakuta kwamba mwanamke mmoja wa Hadado, huko Wajir, alikwisha kupewa kadi kwa majina hayo hayo.

"Umeshachukua yako," karani alisema.

Timiro alimweleza kwamba babu wa nne wa mwanamke yule ni mwingine kabisa, na akitaka atamtajia. Karani alisema nafasi zimekwisha, akaita anayefuata.

Basi Timiro hakuweza kuvuka daraja. Ng'ambo yake palikuwa na kizuizi cha polisi, na asiye na kadi alishushwa kwenye basi akarudishwa. Ruweyda, mwanawe wa pekee, alikuwa ameolewa Thika. Naye alinyimwa kadi kwa sababu mama yake hana; angekuja Garissa asingerudi tena kwa mumewe. Alikuwa amezaa mtoto wa kike, Kowsar, na bibi hakuwa amemwona.

Mwaka 1991, kwenye picha, Timiro alikuwa nguzo ya nane. Mwaka 1992, ya kumi na mbili. Mhandisi aliandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya picha: *Kazi safi. Mwombe huyo mama asogee.* Kadar alimjibu kwa barua kwamba mama anasogea, nguzo nne kwa mwaka.

Alizihesabu nguzo za ukingo zote. Zilikuwa mia moja na sitini, yaani picha arubaini.

"Utafika mwaka elfu mbili ishirini na tisa," alimwambia.

"Nitakuwa na umri gani?"

"Hata karani hajui umri wako."

"Basi usinitie haraka kwa mwaka nisioujua." Alifunga mtungi. "Lakini mwanamume mzima, wallahi, na kamera shingoni, anahesabu miaka badala ya kubonyeza kidude."

Kadar alikuwa na kiburi chake, na neno lile lilimchoma. Mwaka 1993 alipiga picha ya tano, ya daraja, bila kibali. Alikamatwa kabla hajaifunika lenzi. Askari waliifungua kamera, wakaivuta filamu yote nje, wakaitandaza juani juu ya boneti ya Landrova. Kadar alilala rumande siku mbili. Timiro, aliyekuwa ameketi kivulini sokoni, aliungua uso siku hiyo, ngozi ikambambuka puani. Kadar alipotoka rumande alizipiga upya zile nne za kibali, bila ya tano.

Mwaka 1994 sajini wa kizuizi alikuja studio. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Aliomba lenzi ya kukuzia, akainamia picha ya mwaka ule.

"Huyu mama amepita bila kadi."

"Hajapita, afande. Yuko nguzo ya ishirini."

Sajini alihesabu kwa ncha ya kalamu. Ilikuwa kweli.

"Akifika kwangu ataonyesha kadi kama wengine," alisema. "Nisije nikaambiwa nimelala kazini. Mwaka ujao na mimi niwe ndani ya picha."

Hivyo tangu mwaka 1995 sajini alionekana kwenye picha, mwisho wa daraja, mkono wa kulia juu, kofia imenyooka. Timiro alipoonyeshwa alicheka mpaka maziwa yakamwagika.

"Mkono utamfia ganzi maskini," alisema. "Mwambie aushushe, bado niko mbali."

Ndala zake zilikuwa zikiisha upesi. Alinunua jozi tatu kwa mwaka, ingawa alitoka nyumbani kwenda sokoni tu.

Kufikia mwaka 1997 picha za daraja za mwezi wa pili zilikuwa nane, na Timiro yuko nguzo ya thelathini na mbili. Barua za Ruweyda zilikuja na makondakta wa mabasi. Ya mwezi wa kumi ilisema ana mimba ya tatu, imekaa vibaya, daktari kamwambia alale asiinuke, na kwamba hana mwanamke wa kumkalia. *Hooyo,* yaani mama, *sikuombi kitu,* ilisema. *Nakuarifu tu.* Kadar alimsomea mara mbili. Timiro aliikunja barua, akaitia kifuani, na siku hiyo hakuuza maziwa.

Mwezi ule ule mvua zilianza, na hazikujua kuacha. Mto ulipanda ukameza mashamba. Malango ya mfereji yakapotea, banio likapotea, na juu ya mahali lilipokuwa pakabaki kunguru ameketi juu ya paa la choo linaloelea. Barabara ya Nairobi ilikatika sehemu saba. Mhandisi aliogopea nguzo za chini za daraja, akaleta ujumbe kwa redio ya polisi: mpiga picha apewe filamu nzima ya thelathini na sita, apige yote leo.

Kadar alipita kwanza kwa Timiro.

"Leo ni thelathini na sita, eddo."

Timiro alihesabu kwa vidole. "Kwangu zimebaki thelathini na mbili tu."

"Zinatosha."

"Haye. Ngoja nile kidogo."

Alikula anjera mbili, ile mikate laini ya Kisomali, akafunga mtandio wa kijani aliouweka kwa ajili ya harusi, akaketi kwenye kigoda mlangoni pa studio, barazani, mvua ikipiga bati. Kadar alienda mtoni akapiga picha zote thelathini na sita, kifuniko cha sufuria juu ya kamera. Alasiri alirudi akazisafisha moja moja.

Kwenye picha ya kwanza Timiro alikuwa nguzo ya thelathini na sita. Kwenye ya kumi, ya sabini na mbili. Kila Kadar alipochungulia nje alimkuta kigodani akihema, miguu imevimba, matope mpaka magotini. Kwenye picha ya thelathini na moja alikuwa nguzo ya mia moja hamsini na sita, mbele ya sajini aliyeinua mkono. Kwenye ya thelathini na mbili alikuwa nguzo ya mwisho, na sajini alikuwa nyuma yake. Mkono bado ulikuwa juu, lakini kichwa alikuwa amekigeuza kuangalia maji. Picha nne zilizofuata daraja halikuwa na mama.

Kadar alitoka nje. Kigoda kilikuwa kitupu.

Sajini alikuja kesho yake na daftari lake.

"Amepita?"

"Amepita, afande. Picha ya thelathini na mbili."

"Nilikuwa naangalia mto," sajini alisema. "Kulikuwa na ng'ombe anapelekwa na maji, yuko hai, amesimama juu ya gogo." Aliandika kwa mwandiko wake mzuri, akapiga mstari chini, akarudi kizuizini.

Siku ya tisa simu ililia kwenye duka la jirani. Ilikuwa Ruweyda.

"Hooyo amefika. Anasema barabara mbaya. Ameshanifukuza jikoni, amemwogesha Kowsar mara mbili, na sasa anagombana na daktari."

"Na mtoto?"

"Mvulana. Alimpokea yeye."

Mafuriko yalipoisha, mhandisi alirudi kwenye picha nne kwa mwaka. Mwezi wa pili mwaka 1998 Kadar alianika za mwaka huo. Banio lilikuwa na ufa mpana. Darajani, kwenye nguzo ya nne, walisimama watu kumi na mmoja. Aliwajua tisa, na wote tisa hawakuwa na kadi: Weris wa duka la vitambaa, mzee Awil, mwalimu Shurie, wengine. Akamwandikia mhandisi barua kwamba, baada ya mafuriko, daraja linahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi.

Jibu lilichukua wiki sita. Kalamu ilikuwa ile nyekundu. *Nyufa sizioni. Piga filamu moja kila mwezi.*

Kadar alishuka mtoni asubuhi ile ile. Sheria ya kadi ilikuwa pale pale. Basi la saa tatu lilikuwa limesimama kizuizini, abiria wote chini kwenye mstari, kadi mikononi, sajini akizisoma moja moja. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameshatolewa pembeni na alikuwa akirudi mjini kwa miguu, bahasha ya hospitali imebanwa kwapani. Kadar alimsubiri amkaribie, akamwomba asimame kidogo, ageukie ng'ambo. Kisha akaanza kupiga.