Antena Mbili Uani

Fundi wa mitandao alirudi nyumbani amechoka hoi. Kabla hajavua viatu, mama yake alimwita kutoka nyumba ya uani.

"Mtandao wako umenikatia simu tena," alisema bi mkubwa. "Namuuliza mdogo wako atakuja lini, mara kioo cheusi."

Kitindamimba alikuwa ughaibuni kwa miaka mingi sasa, na hilo ndilo swali pekee lililokuwa limembakia mama yake.

Mganga hajigangi. Fundi alikuwa ametengeneza mitandao ya mahoteli na mashule, ila ya kwake kila siku lawama. Akachukua ngazi, akapanda huku akinung'unika.

Kisanduku cha mtandao kilikuwa ukutani kati ya nyumba mbili, na antena mbili bapa, za aina inayorusha mawimbi upande mmoja. Moja aliielekeza kwa mkewe na watoto, nyingine kwa mama, akajiona amegawa kwa haki. Leo akaona upumbavu wake. Antena zile ni masikio ya mtu mmoja, zinatakiwa zielekee pamoja, maana kisanduku husikiliza kwa moja tu kwa wakati mmoja. Watoto wakifungua katuni, kinageukia kwao na bibi anabaki anaongea na ukuta. Mshika mawili moja humponyoka. Na kwa kosa hilohilo alikuwa akiwacheka wenzake kazini.

Akazigeuza zote mbili kwa mama.

"Na sisi je?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Nyinyi mnaniona kila siku."

Akaenda kukaa pembeni ya mama yake, akapiga simu ya video mwenyewe. Picha ikaja safi, hata ndevu za mdogo wake zilihesabika. Mama alicheka, akamwambia amekonda, akamuuliza kama anakula. Kisha akasogeza uso.

"Sasa baba, utakuja lini?"

Kitindamimba alitazama pembeni. Fundi akaona kidole gumba kinakuja, kikubwa, kikaziba nusu ya uso wake. Kioo kikawa cheusi.

Kupitia dirisha, taa ya kijani ya kisanduku ilikuwa imetulia tuli.

"Si unaona?" mama alisema. "Mtandao wako huo."

Fundi alihisi hasira, halafu uchovu tu.

"Kweli, mama. Sijaufunga vizuri. Kesho nitapanda tena."

"Fundi gani wewe," alisema bi mkubwa, akampangusa vumbi begani.