Uzito wa Neno la Mapokezi

Mama Ufagio alikuwa amepiga deki hadi chini ya kaunta, sakafu ingali mbichi, meneja alipomwita asimame palepale. Desturi ya ofisi ile ilikuwa hivi: anayetaka kukaa mapokezi hulitamka kwanza neno "responsibility", wote wakisikia.

Kaunta aliitaka kwa sababu ya goti. Lilikuwa limevimba kama boga, na kaunta ina kiti.

Akalitamka. Vipande vya neno vikamdondoka mdomoni kimoja kimoja, vigumu kama kokoto. Kimojawapo, karibu na cha mwisho, kikaanguka kwa kishindo na kupasua kigae.

"Uzito umeuweka huku mkiani," meneja akasema, akikisukuma kwa kiatu. "Kama uko jikoni kwako. Zoa, urudi Ijumaa."

Akazoa.

Nyumbani binti yake, mwanafunzi wa sekondari, akamwekea ungo mapajani ili vipande visipotelee uvunguni.

"Mama, likatekate. Ri. Spon. Si. Bi..."

"Hapo?"

"Hapohapo. Uzito wote umwage hapo. Vingine viache viwe makapi."

"Mapenzi gani hayo, mtoto mmoja kubebwa na ndugu zake kutupwa?"

"Ndiyo Kiingereza, mama. Haya, tena."

Vilivyokosewa havikupotea bure. Jioni ile waliviteua vikubwa, wakapata mafiga mapya.

Ijumaa ikafika. Mama Ufagio akajipangusa mikono, akalitamka. Vipande vyepesi vikapepea na kutua bila sauti. Kile cha "bi" kikashuka katikati yao, kizito kama jiwe la kusagia. Karani akapiga makofi. Meneja akainama, akakipapasa.

"Hapa sina la kusema," akasema. "Hakina dosari."

Kitini alikuwa ameshakaa binti wa dada yake meneja, anapaka rangi kucha.

"Na huyu naye alilitamka?" karani akauliza.

"Aah, huyu si wa nyumbani?" meneja akajibu.

Yule binti akainua macho. "Jiwe zuri hilo, shangazi. Hebu lizuie mlango, upepo unanisumbua."

Mama Ufagio akalibeba, akaliweka mlangoni. Lipo hadi leo. Kila asubuhi hupiga goti, lile bovu, akalisogeza jiwe, akapiga deki chini yake, kisha akalirudisha palepale, maana sasa anajua uzito unakaa wapi.