Mwanafunzi Bora wa Mama Njia-Nyingine

Wanafunzi walimwita Mama Njia-Nyingine, kwa sababu hakuwahi kumpa mtu jibu. Aliwarundikia chupa, kamba na magazeti mezani, akawaambia wavushe maji kutoka ndoo hii hadi ile bila kuzigusa ndoo zenyewe, kisha akaketi kuwatazama.

"Ya kesho hatuyajui," aliwaambia, "kwa hiyo jifunzeni kufikiri. Kukariri hata kasuku anakariri. Na msiogope kuondoa kinachoweza kuondolewa."

Hakuna aliyelishika somo hilo kama binti mmoja mkimya, ambaye mwalimu alimpenda kama mwanawe wa kumzaa.

Miaka ikapita, binti akarudi akiwa mkurugenzi wa shule ileile. Shule ilikuwa taabani kwa kukosa fedha za mishahara, karibu kufungwa. Siku moja akamwita mwalimu wake ofisini, akamvutia kiti kwa mikono yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimepata njia. Masomo yako tuliyarekodi mwaka jana. Skrini zitafundisha madarasa yote, na shule itabaki wazi."

"Na mimi je?"

Binti aliinamisha macho. "Ulitufundisha tusiogope kuondoa kinachoweza kuondolewa."

Mwalimu aliipima hoja hiyo. Haikuwa na kasoro. Ingekuwa darasani, angempa alama zote. Hilo lilimuuma kuliko kuachishwa kazi.

Binti akambebea mkoba mpaka getini, akaomba radhi. Mwalimu akaupokea mkoba wake, akavuka barabara bila kuaga.