Kichwa cha Tiffany

Tiffany aliandika kwa Kiingereza kwenye grupu ya WhatsApp ya akina mama wa mitaa ya Kware na Fedha, saa nne asubuhi, nikiwa na mteja kitini: "Everline hurts her customers. Avoid that salon." Mteja wangu akasoma simu yake, akasema amekumbuka amebandika maharagwe. Aliondoka na kichwa nusu kimesukwa.

Kiingereza nimekisoma mpaka kidato cha nne, mtu asinidanganye. Angeandika "she hurt me" ningemeza: ameniumiza, siku moja, basi. Lakini "hurts" ni mazoea. Ni kusema ninaumiza watu jinsi ninavyofagia saluni, kila siku. Kufikia saa saba wateja wengine wawili walikuwa wameahirisha, na saluni hiyo ndiyo inayonilisha mimi na mama yangu. Nilifunga mlango nikaenda kwake Fedha kwa miguu, nikimtukana njia nzima.

Alinifungulia akiwa amejifunga leso kichwani.

"Umekuja kuona kazi yako?"

"Toa hiyo post."

"Sitoi. Ulinichoma ama hukunichoma?"

"Nilikuuliza umefumua nywele lini, ukaniambia wiki jana. Ayuma, jirani yako, ndiye alikufumua, na ameniambia ilikuwa asubuhi hiyo hiyo. Kichwa kimekunwa mpaka kikachubuka, halafu unataka dawa ya kulainisha? Si lazima ichome! Ama nimwite Ayuma useme mbele yake?"

Akashusha macho. "Nilikuwa na harusi Jumamosi. Ningekuambia ukweli ungekataa."

"Ningekataa, ndio."

"Na wewe hukuona? Si ulikuwa juu ya kichwa changu?"

"Sikuona."

Alinitazama kwa chuki, nami nikamrudishia yote. Mwishowe alichukua simu, akafuta, akaandika upya nikiwa nimesimama pale pale mlangoni: "Sorry everyone, it was my fault. Everline did not hurt me." Nilimwambia aongeze jina la saluni. Akaongeza.

Wateja wamerudi. Wananisifu kuwa nina roho safi, eti mwingine angemharibia Tiffany jina mtaa mzima. Sifa hizo zinanikera kuliko matusi yake, lakini nazipokea, nasema asante, naendelea kusuka.

Kwa sababu niliona. Siku ile, kabla sijafungua mkebe wa dawa, Tiffany alikuwa kwenye simu akimwambia mwenzake kwamba yuko kwa hawa watu wa Kware, bei yao ni ya bure lakini usiguse taulo zao. Aliongea kana kwamba sipo, na mimi nikiwa nimeshika nywele zake, nazigawanya kwa kitana. Ngozi ya utosini ilikuwa imechubuka, mbichi, nyekundu. Hata msusi wa juzi angeona na kuacha. Mimi nilivaa glavu, nikachota dawa, nikaanzia hapo hapo utosini.