Kuitwa kwa Nati

Katika karakana ya sufuria alikofanya kazi mume wangu, mtu hakuitwa kwa jina. Aliitwa kwa nati. Mashine ya kugonga bati inapiga, jenereta linanguruma humo humo ndani, na ukimtaka mwenzako unaokota nati sakafuni unamtandika nayo mgongoni. Akigeuka, unaongea naye kwa mikono. Wenyewe waliona mzaha. Wakati wa kuoga walionyeshana alama na kucheka.

Viziba masikio vilikuwepo. Tajiri, mwenye karakana, alivifungia kabatini vikiwa bado na nailoni zake, vikatolewa tu siku ya mkaguzi. Nilimwambia mume wangu avidai.

"Mama Chiriku, masikio ni yangu au yako?" Alisema kwa kupayuka, maana siku hizo hakuwa na sauti nyingine.

Chiriku ni binti yetu. Baba yake ndiye aliyempachika jina hilo, kwa jinsi mtoto alivyokuwa na mdomo usiopumzika. Baba alipoanza kutomsikia, akaihamishia karakana nyumbani. Kwanza alimwita kwa kijiko, kisha kwa ndala. Nilimgombeza, akaapa ataacha, kesho yake kijiko kikaruka tena.

Jioni ile Chiriku alikaa sakafuni akisoma, amempa baba yake mgongo. Baba akamwita.

"Abee," akaitika. Mimi nilimsikia kutoka jikoni. Baba hakusikia, akaita tena, akaitikiwa tena, akadhani mtoto anamdharau. Akachukua kufuli la mlango akalirusha. Chiriku naye akageuka, aitike mara ya tatu.

Kufuli lilimpata jichoni.

Kile kilio siwezi kukisimulia. Nilimpiga mume wangu kwa mchi wa kinu, begani, mkononi, usoni, naye alikaa tu akipokea, damu zinamchuruzika puani.

"Nimemwita, haitiki," alirudia.

"Ameitika," nilimpayukia sikioni. "Ameitika mara mbili, kiziwi wewe."

Hapo ndipo mchi uliponiishia nguvu, kwa sababu alianza kulia kama mtoto.

Daktari alilitoa lile jicho. Kulipokucha nikaenda karakana na mchi wangu, mume wangu akinifuata nyuma. Tajiri alikuwa amesimama kando ya mashine, kanipa kisogo. Nilimwita kwa adabu. Hakusikia. Basi nikafuata desturi ya pale: nikaokota nati, ile kubwa kuliko zote, nikamwita nayo. Ilimpasua nyuma ya sikio. Aligeuka shingo imelowa damu, akanikaba koo, akanisukumia kwenye mashine, na chuma kikashuka karibu na kichwa changu hadi nikahisi upepo wake. Mume wangu akamtwanga na sufuria, akamtwanga tena, mpaka akaanguka chini. Mafundi wakazima kila kitu.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Siku ile sikumpisha mtu. Nilivunja kabati kwa mchi, nikavibeba vile viziba masikio na nailoni zake, nikammwagia kifuani palepale alipolala.

"Ungevitoa mapema," nikamwambia, "mwanangu angekuwa na macho mawili."

Mafundi waligoma kuwasha mashine. Tajiri akanywea. Jenereta likajengewa kibanda cha matofali nje, mashine zikawekewa mpira chini, na juu ya kila meza ikafungwa taa: ukimtaka mtu, unamwashia. Wake zao wananiambia waume siku hizi wanarudi nyumbani kichwa hakiwagongi, wanacheka na watoto. Nawaonea wivu, sifichi.

Masikio ya mume wangu hayakurudi. Harushi kitu tena, hata kijiko anampa mtu mkononi. Anaita kwa upole, "Chiriku."

Lakini Chiriku haitiki. Akisikia jina lake anakuja mbio, anasimama mbele ya baba yake pale anapoweza kuonekana, kiganja kimefunika jicho lililobaki.